Albamu Isiyo na Mwenyewe

Wapenzi wa metali kali hawaafikiani kwa mengi. Watabishana usiku kucha juu ya nani aliyeanzisha blaki metali, au kama deth metali ilizaliwa Florida au California. Ukiitaja Cold Lake, ubishi unakatika. Albamu hiyo ya kundi la Uswisi liitwalo Celtic Frost ilitolewa Septemba 1988 na lebo ya Noise ya Berlin Magharibi, na tangu hapo imekuwa kipimo cha aibu nyingine zote za muziki huu. Kundi gumu likilainika, likijiremba na kuanza kutafuta redio, wenye masikio yao husema: hawa nao wametoa Cold Lake yao.

Hukumu hiyo naiafiki. Ni albamu mbaya. Ninachokikataa ni hati ya mashtaka. Kwa zaidi ya miaka thelathini kesi imeendeshwa kwa shtaka la usaliti: walikuwa wagumu, wakaona hela, wakaenda komesho. Shtaka hilo ni jepesi, na ushahidi hauliungi mkono. Lina madhara pia, kwa sababu limewafundisha wanamuziki na mashabiki wao kuogopa kitu kisicho na hatia, yaani mabadiliko.

Tuanze na walivyokuwa kabla ya kuharibikiwa. Mwaka 1982, Nürensdorf, kijiji kilicho karibu na Zürich, Thomas Gabriel Fischer, kijana aliyejiita Tom G. Warrior, alianzisha kundi la Hellhammer. Walikuwa hawajui kupiga vizuri na hawakujaribu kulificha hilo. Wakosoaji wa majarida ya metali ya siku zile waliwacheka. Mwaka 1984 walitoa santuri fupi, Apocalyptic Raids, na mwaka huohuo Fischer na mpiga besi wake, Martin Eric Ain, wakalivunja kundi ili waanze upya kwa jina la Celtic Frost. Morbid Tales ilitoka kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1985 ikafuata To Mega Therion, ikiwa na mchoro wa H. R. Giger kwenye jalada. Huyo ni Mswisi mwenzao ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika filamu ya Alien, na aliwaruhusu vijana wasiojulikana waitumie sanaa yake. Albamu yenyewe inafunguka kwa baragumu na ngoma kubwa za okestra, kisha magitaa yanaingia kwa uzito ambao wakati ule haukuwa na mfano.

Muziki huo ulikuwa wa andagraundi kwelikweli. Redio haikuupiga. Ulisafiri kwa posta: kanda iliyonakiliwa chumbani, ikatiwa kwenye bahasha pamoja na barua ya kurasa mbili, ikavuka mipaka hadi kwa mtu ambaye mwenye kanda hajawahi kuonana naye. Habari zake zilipatikana kwenye vijarida vilivyochapwa kwa taipureta na kutolewa fotokopi. Mara nyingi shabiki alilipia santuri kabla hajaisikia hata noti moja, akiliamini jina tu. Katika mtandao huo wa bahasha ndimo Celtic Frost walimojengewa heshima. Vijana wa Norway wa kundi la Mayhem, na wale ambao baadaye wangekuwa Darkthrone, waliisoma Morbid Tales kama kitabu cha darasani, na Darkthrone hawajawahi kuona haya kulitaja deni hilo.

Kwa hiyo aliyeinunua Cold Lake mwaka 1988 alikuwa amewekeza. Alikuwa amelitetea kundi hili kwa rafiki zake waliolicheka, amelisubiri, na amelipa kwa imani. Hasira yake ilikuwa na msingi. Lakini je, alikuwa anadai nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba alidai kundi libaki lilivyo. Mwacha asili ni mtumwa, tunasema. Jibu hilo lingetosha isingekuwa albamu iliyotangulia. Juni 1987 Celtic Frost walitoa Into the Pandemonium, wakavunja karibu kila sheria ya metali iliyokuwepo. Walianza kwa kuurudia wimbo wa Wall of Voodoo, kundi la Marekani lisilohusiana na metali kwa lolote. Waliingiza waimbaji wa kike wenye ladha ya muziki wa soul. Walitengeneza kipande kizima kwa mashine ya ngoma na sauti za wanaanga, mtindo uliokuwa jirani zaidi na hip hop ya New York kuliko na metali ya Slayer. Katika “Rex Irae” waliweka nyuzi za okestra na sauti ya juu ya kike ya opera. Fischer mwenyewe, aliyezoeleka kwa kubweka na kwa ule mguno wake mfupi unaoigwa hadi leo, safari hii aliomboleza, akavuta sauti, karibu alie.

Wapo walioichukia. Wengi zaidi walishangaa, wakarudi kuisikiliza, wakaielewa polepole. Leo inahesabiwa miongoni mwa albamu zilizoifungulia metali milango ambayo watu hawakujua kama ipo. Basi kama mashabiki hawa waliweza kumeza mashine ya ngoma, opera na wimbo wa kuazima ndani ya santuri moja, haiwezekani kwamba mwaka uliofuata walikasirishwa na mabadiliko. Asili ya kundi hili ilikuwa kubadilika. Kwa Celtic Frost, kuiacha asili kungekuwa kuirudia To Mega Therion mara ya pili.

Sasa tuisikilize Cold Lake yenyewe. Kwanza zingatia majina ya nyimbo. Miaka mitatu nyuma tulikuwa na “Dawn of Megiddo” na “Circle of the Tyrants”. Sasa tuna “Seduce Me Tonight” na “Dance Sleazy”. Tazama picha zao: nywele zimepuliziwa dawa zikafura, nyuso zimepakwa vipodozi, mikao ni ileile ya makundi ya glam ya Los Angeles, Poison na Mötley Crüe, yaliyokuwa yakitawala televisheni za muziki za Marekani. Mtayarishaji ni Tony Platt, fundi aliyeshughulikia sauti za Highway to Hell na Back in Black za AC/DC, na ufundi wake unasikika. Kila ala iko mahali pake. Gitaa hapa na pale bado lina meno. Ukikata sekunde ishirini za muziki mtupu na kumpigia mtu asiyejua chochote, pengine atatikisa kichwa.

Kisha inaingia sauti. Chukua “Cherry Orchards”, wimbo waliouchagua kuutengenezea video. Fischer anaburuta silabi, anajilegeza mwisho wa kila mstari, nusu anong'one nusu alalamike. Mwimbaji wa glam wa kweli, hata akiimba upuuzi, huuimba kana kwamba usiku huo ndio wa mwisho duniani. Anautaka umati, na umati unajua unatakwa. Fischer hamtaki mtu. Anatamka maneno ya kutongoza bila tamaa yoyote. Hata ule mguno wake maarufu unapojitokeza, unatokea kwa mazoea. Ni kama duka ambalo mwenyewe ameondoka na kumwachia kijana wa kushikilia: bidhaa zipo, mizani ipo, lakini ukiuliza bei hakuna mwenye jibu.

Hapo ndipo nilipo na shtaka langu. Kosa la Cold Lake ni utoro. Mtu tuliyemfuata hayupo ndani ya kazi iliyobeba jina lake.

Historia ya miezi iliyotangulia inaliunga mkono jambo hili kuliko inavyouunga mkono usaliti. Baada ya Into the Pandemonium kundi liliingia kwenye mgogoro mrefu na lebo yake, wa fedha na wa mwelekeo. Ziara ya Amerika ya Kaskazini iliwamaliza. Ain aliondoka, mpiga ngoma Reed St. Mark aliondoka, kundi likafa. Lilipofufuliwa mwaka 1988, Fischer alikuwa amezungukwa na watu wapya: Oliver Amberg kwenye gitaa, Curt Victor Bryant kwenye besi, na Stephen Priestly, aliyewahi kupiga ngoma katika Morbid Tales. Fischer amelieleza jambo hili hadharani mara nyingi, na hajawahi kujipendelea. Kwa maelezo yake, alikuwa amechoka na vita, alitaka kupumua, akaiachia mikono mingine usukani wa utunzi huku jina likibaki kuwa lake.

Mtu anaweza kusema basi kilichokosekana ni Ain. Hilo nalo halitoshi. Ain hakupiga besi katika To Mega Therion pia. Dominic Steiner ndiye aliyeipiga, na hakuna aliyewahi kuiona albamu ile kuwa yatima. Mwanamuziki mmoja akikosekana, kundi linaweza kuziba pengo. Anapokosekana mwenye maono, hakuna wa kuziba.

Na kama ni hela, zilitafutwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1988 kijana anayetaka glam alikuwa nayo ya kumtosha kutoka Marekani, iliyopikwa na wapishi wanaoijua. Anayetaka ugumu alikuwa kwenye neema: Slayer walitoa South of Heaven, Death walitoa Leprosy, Bathory walitoa Blood Fire Death, Napalm Death walitoa From Enslavement to Obliteration, na Voivod, wakiwa kwenye lebo ileile ya Noise, walitoa Dimension Hatröss. Cold Lake ilidondoka katikati ya mikono miwili, na hakuna uliojinyoosha kuidaka. Mfanyabiashara makini asingeipanga hesabu hiyo. Aliyechoka anaweza kabisa kuipanga.

Kuielewa tofauti ninayoisema, linganisha na anguko jingine linalotajwa sana, la Morbid Angel wa Florida. Mwaka 2011, baada ya ukimya wa miaka minane tangu Heretic, walitoa Illud Divinum Insanus. Mwimbaji David Vincent alikuwa amerudi, na matarajio yalikuwa juu ya paa. Watu walipoweka albamu wakakutana na midundo ya densi ya kielektroniki, vibwagizo vya kupaza na wimbo kama “Radikult”, ambao mpaka leo unawafanya mashabiki wafunike nyuso. Ilikuwa kazi mbovu kwa sehemu kubwa. Lakini wenyewe walikuwemo ndani yake. Walijua wanachokifanya, wakakitetea, na mwaka uliofuata wakatoa hata matoleo ya albamu hiyo yaliyochanganywa upya. Walikosea kwa sauti yao wenyewe. Kazi ya namna hiyo unaweza kuicheka, unaweza kuigombeza, unaweza hata kuipenda kwa ukaidi. Unabishana na mtu. Cold Lake haikupi wa kubishana naye, ndiyo maana uchungu wake haujapoa kwa namna ileile.

Tofauti hii ina uzito nje ya kumbukumbu za wazee wa metali, kwa sababu hukumu ya mwaka 1988 ilizaa sheria. Metali ya andagraundi ya miaka ya 1990 ilijijengea polisi wake. Kila dalili ya kinanda, sauti safi au nywele zilizonyolewa ilichunguzwa. Makundi mengi yalijifunza kwamba njia salama ni kutoa albamu ileile kila baada ya miaka miwili yenye jalada jipya. Hofu ya kupotea iligeuka kuwa sifa, ikaitwa uaminifu. Yote hayo yalitokana na kosa la utambuzi: waliona nywele zilizofura, wakadhani ndiyo maradhi.

Anayetaka ushahidi wa kinyume asiende mbali. Jijini Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu walikulia katika metali ya magitaa na ngoma, kwenye makundi kama Lust of a Dying Breed. Mwaka 2020, kwa jina la Duma, walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bendi haimo. Kuna kompyuta, midundo inayokimbia kuliko mikono ya mpiga ngoma yeyote, kelele za umeme, na Khanja akipiga mayowe juu ya vyote hivyo. Kwa kipimo cha polisi wa metali, hayo ni mabadiliko makubwa kuliko nywele za Celtic Frost. Hata hivyo hakuna aliyehisi ameachwa. Ukisikiliza, unajua wenyewe wamo, wote wawili, mwili na roho. Khanja alipotoka peke yake kama Lord Spikeheart na kutoa The Adept mwaka 2024, alibadilika tena, na bado yumo.

Wapo wanaoitetea Cold Lake, na haki inadai wasikilizwe. Wanasema ukiondoa jina kwenye jalada, unabaki na albamu ya kawaida ya roki ngumu ya mwaka 1988, isiyo mbaya kuliko kumi nyingine zilizosahaulika. Wanaongeza kwamba adhabu iliyopewa ni ya jina, na muziki umeadhibiwa kwa kosa la historia. Kuna ukweli hapo. Lakini jina ndilo lililouza. Jina ndilo lililomfanya kijana atoe hela bila kusikia noti. Lebo na kundi waliitumia imani iliyokusanywa na Morbid Tales, na anayeitumia akiba ya imani hawezi kuomba apimwe kama mgeni.

Upande wa pili yupo Fischer mwenyewe, ambaye ni mkali kuliko wakosoaji wote. Mwaka 2017 katalogi ya Celtic Frost ya enzi za Noise iliposafishwa na kutolewa upya, Morbid Tales ilirudi, To Mega Therion ikarudi, Into the Pandemonium ikarudi, hata Vanity/Nemesis ya mwaka 1990, ambayo Ain alirejea kuipiga, ikarudi. Cold Lake haikurudi. Fischer hakutaka. Anaikana waziwazi, na kama ingewezekana angeifuta.

Namheshimu kwa kutojitetea. Wangapi wanao ujasiri huo? Ila hapa sikubaliani naye. Albamu ikishatoka si ya mtunzi peke yake. Ni ya yule aliyeilipia, hata kama aliilipia akajuta. Kuiondoa rafuni kunambakisha shabiki na masimulizi matupu, na masimulizi ndiyo yaliyotuletea hadithi ya usaliti tangu mwanzo. Kijana wa leo anayesikia kwamba Cold Lake ni uchafu anapaswa aweze kuiweka kati ya Into the Pandemonium na Vanity/Nemesis na kujisikilizia mwenyewe ni kitu gani kimetoka chumbani. Akiinyimwa, atalichukua somo kwa kuambiwa, na ataambiwa vibaya: usibadilike.

Fischer mwenyewe hakulichukua somo hilo. Kundi lilivunjika tena mwaka 1993. Yeye na Ain walirudiana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2006 wakatoa Monotheist, ambayo ilisukwa na wenyewe pamoja na mtayarishaji Peter Tägtgren wa Uswidi. Wangeweza kuirudia Morbid Tales, na umati ungewapigia makofi. Badala yake walitoa kitu kizito, cha polepole, chenye giza la watu wazima waliopitia mengi, na kipande kimoja chenye zaidi ya dakika kumi na nne. Ain alifariki mwaka 2017. Mwaka 2019, kwenye tamasha la Roadburn huko Tilburg, Uholanzi, Fischer na kundi lake la Triptykon walisimama na okestra ya Metropole kuikamilisha ile kazi iliyoanza na “Rex Irae” mwaka 1987. Sehemu yake ya mwisho ilikuwa imetoka ndani ya Monotheist. Iliyokosekana ilikuwa ya katikati, na ndiyo aliyoitunga kwa ajili ya siku hiyo.

Yaani wazo lililozaliwa ndani ya albamu iliyowashangaza watu lilimsubiri mwenyewe miaka thelathini na zaidi, akarudi kulimaliza, kwa okestra, bila kuomba ruhusa ya polisi yeyote wa metali. Makofi yalikuwa ya watu walewale wanaodaiwa kuchukia mabadiliko.

Shabiki wa muziki mgumu anayo haki ya kukasirika, na nisingependa aipoteze. Bila hasira hiyo andagraundi ingekuwa soko kama masoko mengine. Ila aielekeze panapostahili. Albamu mpya ya kundi unalolipenda ikikuudhi, usiulize kwanza kama wamebadilika. Uliza kama wenyewe wamo. Wakiwemo, wape muda, hata kama wamekuja na mashine ya ngoma. Wasipokuwemo, rudisha santuri dukani, na uwaambie ni kwa nini.